Mwenye Mashoka Mawili

Kitendawili!

Tega!

Askari wangu wa porini ana mashoka mawili, lakini hajawahi kukata mti hata mmoja.

Haya, jibuni. Siafu? Siafu hana shoka, ana meno. Nge? Nge ana magando na mwiba. Kigogota? Huyo anagonga mti kutwa nzima, lakini ni ndege, na shoka lake ni moja tu. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Dar es Salaam siutaki, una foleni. Mwanza siutaki, nitachoka kupanda yale mawe. Nipeni Tura, nami nitawapa jibu. Ila nitalitoa polepole, maana jibu lenyewe ni dogo na linaruka.

Tura iko Unyamwezi, wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora. Ukipanda treni ya reli ya kati kutoka Dar es Salaam, ukaiacha Dodoma, Manyoni na Itigi, unaingia kwenye pori refu la miombo, na kabla hujafika Tabora mjini unaikuta stesheni ya Tura. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912. Zamani kabla ya reli, watu walikwenda kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na Tura ndiyo iliyokuwa mlango wa Unyamwezi. Msafara uliotoka pwani ulivuka Ugogo, kisha ukaingia Mgunda Mkali, pori la miiba mingi na maji machache, ukatembea humo siku nyingi. Siku wapagazi walipoyaona mashamba ya Tura, walijua sasa watakula washibe. Wasafiri wa Kizungu, Burton na Speke, walipita hapo mwaka 1857. Mwandishi wa habari Stanley alipita mwaka 1871, akienda kumtafuta mmisionari Livingstone.

Sasa hebu fikirini jambo moja. Misafara ile ilibeba shanga, vitambaa na nyaya za shaba kwenda bara, ikarudi pwani na pembe za ndovu. Kila mpagazi alijitwisha mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi, akatembea nao kwa miezi. Kwa nini watu wajitese namna hiyo, na ng'ombe wa kuvuta mikokoteni wapo duniani? Kwa nini isiwe ngamia, au farasi?

Si kwamba hawakujaribu. Mwaka 1866 Livingstone aliteremka Mikindani akiwa na ngamia, punda, nyumbu na nyati wa kufugwa kutoka India, akitaka kuona kama watastahimili kuumwa na mdudu mmoja wa porini. Wanyama wakafa. Lakini wahudumu wake walikuwa pia wakiwapiga na kuwabebesha kupita kiasi, kwa hiyo jibu likabaki halieleweki: waliuawa na mdudu au na fimbo? Mwaka 1876 mmisionari Roger Price aliwafikisha ng'ombe Mpwapwa kutoka Saadani, akaamini njia ya mikokoteni imepatikana. Mwaka uliofuata wenzake walipoingia safarini na ng'ombe wengi, ng'ombe wakateketea na mpango ukaachwa. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akaleta tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani, waende hadi Karema, ng'ambo ya Tabora, kwenye Ziwa Tanganyika. Wengi wao walifia njiani.

Adui mkubwa wa mifugo katika njia zile alikuwa mdudu asiyezidi sana urefu wa ukucha wako. Vitabuni anaitwa mbung'o. Watu wa pori la Tabora, wale warina asali, wachungaji na wakata mbao, wanamwita ndorobo. Ni mdudu mmoja huyohuyo, na ndiye askari wa kitendawili chetu.

"Ah, ndorobo tunamjua," mtasema. "Anauma kama sindano!" Subirini kwanza. Paange naye anauma. Nzi wa zizini naye anauma. Mbu anauma, usubi anauma. Tukimtambua mdudu kwa maumivu peke yake, tutamsingizia asiyehusika, na mwenye kosa ataruka zake. Mdudu hutambuliwa kwa mwili wake. Kwa hiyo leo tunafanya kazi ya upelelezi.

Nzi kwenye kioo cha lori

Tuseme lori la tumbaku limetoka porini, limeegesha Tura, na ndani ya kioo cha mbele kuna nzi amekufa. Dereva anasema aliumwa njiani. Mchukue nzi huyo taratibu, umweke juu ya karatasi nyeupe penye mwanga. Kama shuleni kuna kioo cha kukuzia, kiazime. Kama hakuna, macho yako ya ujana yanatosha kwa alama mbili za kwanza.

Rangi usiifuate sana. Mbung'o ana rangi ya kahawia, au kijivu kinachoelekea weusi, na nzi wengi sana wana rangi hizo. Ukubwa nao hautoshi. Mbung'o huwa na urefu wa kati ya milimita 6 na 14 kutegemea aina yake, na katika kipimo hicho wamo nzi chungu nzima wasio na hatia.

Anza na mabawa. Mtazame mbung'o aliyetulia: mabawa yake hulala mgongoni, moja limepanda juu ya jingine kama makali ya mkasi uliofungwa, na ncha zake huzidi kidogo mwisho wa tumbo. Ndiyo maana akitua anaonekana mwembamba. Nzi wa nyumbani akitua, mabawa yake huachana kuelekea pande mbili na mgongo hubaki wazi katikati. Nzi wa zizini ni vilevile. Paange wengi nao huyaacha mabawa yatanuke. Hata kabla hujamkaribia mdudu, alama hii peke yake inaondoa karibu watuhumiwa wote.

Lakini nzi wetu wa kwenye kioo amekufa, na mabawa ya maiti huenda yamepinda. Mpelelezi haridhiki na shahidi mmoja. Twende kwenye mdomo.

Nzi wa nyumbani hawezi kukuuma hata akitaka. Mdomo wake ni laini, umeelekea chini, kazi yake ni kutema mate juu ya chakula chako na kukifyonza kikishalainika. Paange ana visu vidogo vinavyokata ngozi, damu ikamwagika, akailamba. Ndiyo maana jeraha lake huchuruzika. Mbung'o ana mrija mwembamba, mgumu, uliochomoza mbele ya kichwa ukiwa umelala sawa na mwili. Chini ya mrija, karibu na kichwa, kuna uvimbe wa mviringo kama kitunguu. Anapotaka kula, huushusha mrija, huuchomeka kwenye ngozi na kunyonya. Mrija huo unapenya hata shati jepesi.

Hapa kuna mtego, na wengi hunaswa. Nzi wa zizini naye ana mrija uliochomoza mbele! Ana ukubwa wa nzi wa nyumbani, anakaa penye ng'ombe na samadi, na anauma miguu ya watu na mifugo. Ukiangalia mrija tu, utamwita mbung'o. Mtazame vizuri: mrija wa nzi wa zizini ni mweusi, na hauna ule uvimbe mkubwa wa mbung'o. Mabawa yake yameachana. Tumbo lake lina madoa meusi ya duara, si michirizi mipana ya kukata tumbo. Naye si mwema kwa mifugo, lakini ni mdudu mwingine, anazaliana kwenye samadi na majani yaliyooza, na dawa ya kumpunguza ni kusafisha zizi. Ukikosea jina, utakwenda kutega mitego porini wakati adui anazaliana nyuma ya nyumba yako.

Shoka lenyewe hili hapa

Sasa shika kioo cha kukuzia, tufike kwenye jibu la kitendawili. Nyanyua bawa moja, ulitazame likiwa mbele ya mwanga. Utaona mishipa inayolitegemeza bawa, na kati ya mshipa na mshipa kuna nafasi angavu. Nafasi hizo wataalamu huziita vyumba. Tafuta chumba cha katikati kabisa ya bawa. Kwa nzi wengine, chumba hicho ni kirefu tu na hakina umbo la ajabu. Kwa mbung'o, mshipa wa pembeni mwake umepinda, chumba kikawa chembamba upande wa mwilini na kikapanuka kwa nje. Ni shoka: mpini na bapa lake. Bawa la kulia lina shoka, bawa la kushoto lina shoka.

Mashoka mawili, na hajakata mti hata mmoja. Mmeliona jibu?

Alama hii ndiyo hakimu wa mwisho. Mbung'o wote duniani wanayo, na hakuna nzi mwingine aliye nayo. Mdudu anaweza kuwa amekauka, amepoteza miguu, rangi imefifia. Bawa likiwepo, jina lake lipo. Huko Florissant, jimbo la Colorado, Marekani, ambako leo hakuna mbung'o hata mmoja, wachimbaji walipata mawe yenye alama za nzi waliokufa miaka milioni 34 hivi iliyopita. Wataalamu walipoyachunguza mabawa na mirija iliyobaki jiweni, wakamtambua: mbung'o. Leo jamaa zake waliobaki wanaishi Afrika, kusini mwa Sahara.

Wenye hadubini wana shahidi wa nne, naye yuko usoni. Kati ya macho ya nzi kuna vipapasio viwili vifupi, na juu ya kila kipapasio umesimama unywele mmoja mnene wenye matawi. Nzi wa nyumbani ana matawi pande zote mbili za unywele huo. Nzi wa zizini ana matawi upande wa juu tu. Mbung'o naye ana upande wa juu tu, lakini kila tawi lake lina vijitawi vingine vidogo sana. Ni mambo madogo ajabu, lakini ndiyo yanayomtenga mwizi na jirani yake.

Mbung'o gani?

Mkidhani kazi imekwisha, bado. Mbung'o wapo wa aina nyingi. Wataalamu wamehesabu aina na vijiaina 30 hivi, na kila mmoja ana mahali pake. Katika miombo ya Tura na Tabora, mwenyeji mkuu ni yule ambaye jina lake la kisayansi ni Glossina morsitans. Kwenye vichaka vizito na kando ya mito kuna Glossina pallidipes. Ukienda kaskazini kwenye mbuga za migunga za Shinyanga na Serengeti, unamkuta Glossina swynnertoni. Kwenye fukwe za Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria yuko Glossina fuscipes.

Utawatofautishaje? Tazama miguu. Mguu wa nzi humalizikia na vipande vidogo vitano. Mbung'o wa kandokando ya maji, kama huyo fuscipes, vipande vyote vitano vya mguu wa nyuma ni vyeusi kwa juu. Mbung'o wa porini, kama hao wengine watatu, wana weusi kwenye vipande viwili vya mwisho tu. Kisha angalia miguu ya mbele na ya kati: morsitans ana weusi nchani, pallidipes miguu yake hiyo haina weusi nchani. Kwa hiyo nzi mwenye mashoka bawani, mwenye weusi kwenye vipande viwili vya mwisho vya mguu wa nyuma, na weusi nchani mwa miguu ya mbele, aliyeokotwa kwenye lori lililotoka miombo ya Tura, ana uwezekano mkubwa wa kuwa morsitans.

Je, ni dume au jike? Mpindue. Dume ana kifundo cha mviringo chini ya ncha ya tumbo, jike hana. Na msidhani kwamba majike peke yao ndio wanaouma. Hivyo ndivyo walivyo mbu. Kwa mbung'o, dume anauma na jike anauma, kwa kuwa wote wawili hawana chakula kingine ila damu.

Umri je? Hilo nalo linasomeka, na sehemu ya elimu hiyo ilitoka huku kwetu. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha idara ya utafiti wa mbung'o pale Shinyanga, ikiongozwa na Charles Swynnerton kuanzia mwaka 1929 mpaka alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Yule mbung'o wa mbuga za migunga amepewa jina lake. Mtafiti mmoja wa idara hiyo, C.H.N. Jackson, alifanya kazi pori la Kakoma, humuhumu Tabora. Yeye na vijana wenyeji waliokuwa na nyavu walikamata mbung'o wakiwa hai, wakawatia vidoa vya rangi za kuchorea picha, wakawaachia. Wakirudi kukamata tena, walihesabu wangapi wana vidoa na wangapi hawana. Kwa hesabu hiyo waliweza kukadiria pori zima lina mbung'o wangapi bila kuwakamata wote. Jackson aligundua pia kwamba ukingo wa bawa huchakaa kadiri mbung'o anavyozeeka, akaupanga uchakavu huo katika ngazi sita. Bawa zima, nzi kijana. Bawa lililochanikachanika, mzee wa pori. Bawa lilelile lililokupa jina linakupa na umri.

Mama wa mtoto mmoja mmoja

Nzi wengi wanataga mayai kwa mamia. Mbung'o jike ana desturi nyingine kabisa. Yai moja huanguliwa tumboni mwake, na buu hukaa humohumo akinywa maziwa yanayotengenezwa na tezi za mama. Baada ya siku 9 au 10 mama hutafuta kivuli penye udongo laini, hujifungua buu mmoja mkubwa mwenye uzito unaokaribia wa mama mwenyewe. Buu hujichimbia ardhini, ngozi yake hukauka na kuwa ganda jeusi lenye vifundo viwili upande wa nyuma. Mwezi mmoja hivi baadaye mbung'o mpya hutoka. Mama huyo, akibahatika kuishi, atazaa watoto wachache tu maishani mwake, na kwa kawaida hupandwa na dume mara moja tu.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu Zanzibar iliyatumia ikashinda. Kisiwa cha Unguja kilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, Glossina austeni, aliyekuwa akiwaua ng'ombe wa wakulima. Katika kituo cha utafiti cha Tanga, mbung'o wa aina hiyohiyo walifugwa kwa wingi. Madume walipigwa mionzi mpaka wakawa tasa, kisha wakamwagwa kutoka kwenye ndege juu ya Unguja, zaidi ya milioni 8 kwa ujumla. Jike wa porini akipandwa na dume tasa amepoteza nafasi yake, hazai. Mbung'o wa mwisho wa porini kisiwani alikamatwa mwaka 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa imesafika. Fikirini kama wangekosea aina, wakamwaga madume wa aina nyingine! Mamilioni ya nzi yangepotea bure, na ng'ombe wangeendelea kufa. Kazi yote ile ilisimama juu ya jambo tulilolifanya leo: kutazama nzi mdogo na kusema kwa hakika ni nani.

Anachobeba

Mbung'o mwenyewe, bila mzigo, ni kero tu. Ubaya uko kwenye kimelea anachoweza kukibeba, kinachoitwa tripanosoma. Mwaka 1895, huko Zululand, Afrika Kusini, daktari David Bruce, akisaidiwa na mkewe Mary, alikiona kimelea hicho kwenye damu ya ng'ombe wagonjwa, kikijinyonganyonga chini ya hadubini. Ugonjwa wa ng'ombe uliitwa nagana. Ndio uliowamaliza wanyama wengi wa misafara. Baadaye ikajulikana kwamba jamaa za kimelea hicho huwapa watu malale, ugonjwa ambao mwanzoni mwa karne ya 20 uliua watu wapatao 250,000 upande wa Uganda.

Wengi walidhani mbung'o huhamisha damu kwa ncha ya mrija tu, kama sindano chafu. Mwaka 1909 Mjerumani Friedrich Kleine, akifanya utafiti kando ya Ziwa Viktoria, upande ambao leo ni Tanzania, alionyesha kwamba kimelea huishi na kukua ndani ya mbung'o kwa wiki kadhaa kabla hajaweza kumwambukiza mtu au mnyama. Kwa hiyo mbung'o kijana mwenye mabawa mazima aghalabu hana hatari hiyo. Mzee mwenye mabawa yaliyochakaa ndiye wa kuogopwa zaidi.

Msipate hofu kupita kiasi. Mbung'o wengi hawabebi vimelea vya malale, na watu wengi wanaoumwa hawaugui. Hata hivyo malale ipo Tanzania, Tabora na Kigoma zikiwa miongoni mwa sehemu zilizowahi kuwa na wagonjwa, na aina ya huku kwetu huenda haraka, kwa wiki au miezi michache. Huanza kwa uvimbe penye jeraha, homa, na maumivu ya kichwa na viungo. Baadaye kimelea huingia kwenye ubongo: mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, akili huchanganyikiwa. Asipotibiwa hufa. Akitibiwa mapema hupona, na siku hizi yapo matibabu mapya: mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoruhusu vidonge vya fexinidazole kutumika hata kwa malale ya aina yetu, badala ya kutegemea sindano kali za zamani.

Sasa yashikeni haya mtakapokwenda porini na wazazi kurina asali, kuchunga au kutafuta kuni. Mbung'o ni mdudu wa mchana, anawinda kwa macho, na anavutwa na kitu kikubwa kinachotembea. Ndiyo maana anafukuza magari. Mkiwa garini, fungeni vioo. Anapenda rangi ya buluu na nyeusi, na mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo; mkiiona imetundikwa porini, msiiguse, inafanya kazi. Vaeni nguo nzito kidogo, zenye mikono mirefu, za rangi ya udongo au majani makavu. Mistari myeusi na myeupe haimpendezi: majaribio yameonyesha anatua mara chache zaidi kwenye kitu chenye mistari kuliko kwenye kitu cha rangi moja. Pundamilia anatembea na kinga yake.

Na mtu akipata homa baada ya kutoka porini, asimeze dawa za malaria kwa kubahatisha. Aende kituo cha afya, na akifika asingoje kuulizwa. Aseme: "Nilikuwa pori fulani, niliumwa na ndorobo." Kama kipimo cha malaria kinaonyesha hana na homa haishuki, maneno hayo ndiyo yatakayomfanya mganga aitazame damu tena kwenye hadubini, akitafuta tripanosoma. Wakubwa husahau kuyasema. Ninyi mnaomjua mwenye mashoka mawili, wakumbusheni.